Dawa Iliyoachiwa Usukani

9 Januari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Sisi huku wazima. Baba yako goti linamsumbua lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Jana kanikalisha akanifundisha namna ya kupanda nyanya, mimi niliyemshikisha jembe akiwa bado anavaa kaptula! Mama yako kanenepa, usimwambie nimesema. Mdogo wako kapata kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, na sasa taa yoyote ikizimika hapa nyumbani tunamlaumu yeye.

Nakuandikia barua kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatuelewani. Nikikupigia unasema, "Shangazi niko maabara," nikifika neno la tatu umeshakata. Barua haikatwi. Utaisoma yote, utake usitake.

Shule ya udereva inaendelea. Bado wananiita Mama Breki, na bado wanadhani silijui hilo jina. Kuna mwanafunzi mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, akikosea gia analikaripia gari kana kwamba limechelewa kufika darasani. Kwa sasa nawafundisha alama za barabarani darasani tu, maana gari liko gereji, jambo dogo tu la breki.

Dawa zangu za kifafa naendelea nazo. Tangu ulipokuwa hujaota meno sijaanguka hata mara moja, na wewe unalijua hilo. Daktari kanipima damu, kasema dawa imeonekana kidogo, kaniongezea nusu kidonge. Sawa, nameza. Miguu imevimba, viatu vyangu vyeusi vimenikataa kabisa, nadhani ni kukaa sana.

Sasa niambie, huko unafanya nini hasa? Baba yako anatangaza kwamba binti yake anapima damu kwa dhahabu. Juzi jirani kaniuliza kama unauza na pete.

Shangazi yako akupendaye


27 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa maabara akaja kuangalia kama nimevuta gesi. Mwambie baba aache kunitangaza. Dhahabu yenyewe ni utando tu juu ya kipande cha kioo kinachotosha kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukiikwangua yote hupati hereni ya sisimizi.

Mimi mzima. Chumba changu kiko juu ya fundi viatu, kwa hiyo kila asubuhi naamshwa na nyundo. Nakula vizuri, kabla hujauliza. Mchumba hakuna, kabla hujauliza la pili.

Kazi yangu ni hii. Dawa ikiingia kwenye damu haitembei peke yake. Damu ina protini, na dawa nyingi hujishikiza kwenye protini hiyo. Chukulia shule yako: dawa ni wanafunzi, protini ni walimu. Mwanafunzi aliyekaa na mwalimu hana la kufanya, maana mwalimu ana breki yake mguuni. Anayefanya kazi mwilini, ya kujenga au ya kubomoa, ni yule aliyeachiwa usukani peke yake. Dawa yako wewe ni ya aina hiyo. Kwa mtu mwenye afya, katika kila wanafunzi kumi, tisa wana mwalimu na mmoja yuko huru. Huyo mmoja ndiye anayekuzuia usianguke.

Hospitali nyingi zinahesabu wanafunzi wote kwa jumla. Sisi tunawatafuta wale walioko peke yao. Tunachukua seramu, yaani yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, tunayapitisha kwenye kijia chembamba juu ya kile kioo. Juu ya dhahabu tumepanda vinasa vidogo mno, na vinachodaka ni dawa iliyo huru tu, ile iliyoshikwa na protini inapita zake. Chini tunapiga mwanga. Dawa ikinaswa, mwanga unaorudi unageuka kidogo, na mstari kwenye kompyuta unapanda. Kifaa chote kinaitwa kihisio. Kwa njia ya zamani ya kuchuja seramu, kazi hiyo inakula nusu siku. Sisi tunamaliza chai ikiwa bado ya moto. Nasema bila aibu, ni kifaa kizuri, na hapa hakuna anayekijua kunishinda, profesa wangu akiwemo.

Tulikijaribu kwanza kwa damu yetu wenyewe. Maabara nzima tulikunja mikono ya mashati tukatoa, tukaichanganya na dawa, na majibu yalipendeza macho, yote karibu na kumi kwa mia. Kwa hiyo tukabandika karatasi ukutani: dawa iliyo huru ikizidi ishirini kwa mia, sampuli imeharibika, weka kando. Kwenye sampuli za wagonjwa tunazoletewa na hospitali, zinazoharibika ni nyingi kuliko nilivyotegemea, pengine joto la njiani. Nitalimaliza hilo.

Miguu iinue juu ya mto ukikaa. Na gari likitoka gereji niambie, napenda kusikia habari za mwalimu mkuu barabarani.

Binti yenu mwenye dhahabu


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeielewa, ingawa ulidhani sitaelewa. Nimeipeleka hata darasani! Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba ndani ya damu ya kila mmoja wao kuna shule ya udereva, na wengine wamo humo wanaendesha bila mwalimu. Yule mwalimu mkuu akauliza kama wanalipa ada. Nikamtoa nje, kisha nikamrudisha, maana peke yangu sikuweza kujizuia kucheka.

Huku nyumbani nyanya za baba yako zimeota, na sasa hatuna amani. Ananipeleka sokoni kila Jumamosi ili nione njiani nyanya za wenzake zilivyo mbaya.

Mimi sijambo. Wiki iliyopita niligombana na mlango wa stoo, na mlango ukashinda. Nina nundu kwenye paji la uso, nimeifunika kwa kitambaa na watu wanasema nimependeza. Daktari kapima tena, kasema dawa bado iko chini kidogo, kaongeza tena. Nikamwambia, daktari, mimi ni mtu mzima, si pipa. Akacheka, nami nikameza.

Miguu bado. Sasa hata uso asubuhi unaniamkia mnene, mama yako anasema nimekuwa kijana. Na nikienda haja ndogo, chooni kunajaa povu utadhani nimemwaga sabuni ya kufulia. Hilo liache hapo hapo, si jambo la kumwandikia mtu mwenye digrii.

Gari bado. Fundi anasubiri kipuri.

Shangazi yako


6 Machi

Shangazi,

Leo nianze na jambo lenyewe, utanisamehe.

Lile povu si la kuchekea. Linaonyesha protini inavuja kwenye figo na kutoka na mkojo. Ndiyo maana miguu inavimba, ndiyo maana uso unaamka mnene. Kwa lugha ya shule yako, walimu wanatoroka. Wanafunzi wanaobaki bila mwalimu wanaongezeka, lakini mwili nao unawaondoa upesi hao walio huru, kwa hiyo jumla inashuka. Daktari anaangalia jumla, anaona upungufu, anaongeza dozi. Hana kosa, anasoma alichopewa. Lakini kila akiongeza, anawaachia wengine usukani.

Nimelijuaje? Kwa sababu ya barua yako na kwa sababu ya ile karatasi yetu ya ukutani. Niliposoma habari za povu nikainuka nikaenda kwenye jokofu tunakoweka zile sampuli "zilizoharibika". Nikaangalia zimetoka wapi. Karibu zote zimetoka wodi moja, wodi ya figo! Joto gani hilo la njiani linalochagua wodi? Sisi tulijipima wenyewe, vijana, wazima, tumeshiba, tukajifanya ndio kipimo cha binadamu wote. Anayetofautiana na sisi tunamwita ameharibika. Shangazi, nilicheka peke yangu mbele ya jokofu, nilifurahi hivyo. Kisha nikakukumbuka wewe, na furaha ikaniishia.

Sasa nakuomba. Rudi kwa daktari. Mwambie povu, miguu, uso, na ule mlango. Aombe kipimo cha protini kwenye damu na kwenye mkojo. Aulizie dawa iliyo huru, asiangalie jumla peke yake. Na usipunguze dawa mwenyewe hata chembe, hilo ni la daktari.

Nilimpigia baba nikamuuliza gari lina ubovu gani. Baba huyu huyu, anayeweza kunieleza habari za nati moja mpaka salio liishe, akaanza kuniambia habari za mvua. Shangazi, gari lina nini?

Mimi


2 Aprili

Kwako wewe,

Marahaba, kama ulisalimia. Mimi sikuona salamu.

Nyumbani wote wazima. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa nisikilize. Wewe hukuwepo. Mimi nilianguka kwenye foleni ya benki nikiwa na umri kama wako. Nilipozinduka watu walikuwa wamesimama mbali, wamefanya duara, na mama mmoja amemziba mtoto wake macho asinione. Mimi! Nimelala pale chini, nguo imelowa, na mtu anafunikwa macho kwa ajili yangu. Baadaye ndipo nikapata dawa hii. Dawa hii ndiyo iliyonipa leseni, ikanipa shule, ikanipa jina mjini. Leo unakuja na kioo chako kidogo kuliko ukucha, unaniambia imekuwa nyingi?

Nikienda kumwambia daktari nayumba, ataandika. Akiandika, karatasi inakwenda ofisi ya leseni, na leseni inakwenda na maji. Akipunguza dawa nami nikaanguka, ndiyo basi kabisa. Kwa hiyo unaniambia nichague mlango wa kutokea, wakati mimi sitaki kutoka.

Sijasema nayumba. Nimesema kama.

Gari liko gereji. Nimemaliza.

Shangazi


15 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, ya ile barua iliyopita. Baba hajambo? Nyanya je? Mama nilizungumza naye Jumapili, akasema unakula mezani ukiwa umefumba jicho moja. Alidhani unamtania.

Naomba nikuambie jambo ambalo sikukuandikia. Januari nilijisifu kwamba hapa hakuna anayekijua kihisio kunishinda. Ni kweli. Ila sikukuambia kwamba profesa alikuwa anataka kukifungia stoo, kwa sababu ya hizo sampuli nyingi zilizotukataa. Nilijua, nikanyamaza, nikaandika utani wa sisimizi.

Baada ya kwenda kwenye jokofu nilisimama mbele yao wote nikasema karatasi ya ukutani ni ya uongo. Mwenzangu mmoja akasema ninatetea mashine yangu. Nikamwambia haya, tuzipitishe zote kwenye njia ya zamani, ile ya kuchuja taratibu, na wewe ndiye uchuje. Alichuja wiki nzima amenuna. Majibu yakatoka sawasawa na ya kihisio, sampuli baada ya sampuli. Wagonjwa wale dawa iliyo huru kwao ni mara mbili, mara tatu ya yetu. Profesa akaibandua karatasi kwa mkono wake, akaitia mfukoni, akasema hataki mtu mwingine aione. Kifaa hakiendi stoo tena.

Basi nakuambia kwa uhakika, sikisii. Dawa hii ikizidi, mtu anayumba, anagonga milango, anaona kitu kimoja viwili. Shangazi, unaona viwili?

Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Naogopa utaanguka ngazi, si kwa kifafa, kwa dawa ya kifafa. Na naijua leseni hiyo ina maana gani, mimi ndiye uliyenifundisha gari nikiwa nimewekewa mto mgongoni ili mguu ufike klachi. Sikuombi uchague mlango wa kutokea. Nakuomba dozi yako ipimwe kwa damu yako wewe.

Ukinikasirikia nikasirikie, lakini nijibu.

Binti yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Nami bado niko hapa, na kila posta ikija nateremka ngazi mwenyewe. Fundi viatu ameanza kunihurumia.

Binti yako


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, zote nilizochelewa kuziitikia.

Baba yako hajambo. Nyanya zimeoza nusu, tumekula nusu, na tumekubaliana kutozungumza. Mama yako alikuwa anakuletea habari za jicho langu, eti, na mimi nilidhani anaangalia sahani yake.

Gari halijawahi kwenda gereji. Liko nyuma ya nyumba, nimelifunika turubai tangu mwanzo wa Januari. Ni zima, injini inapiga vizuri. Mbovu alikuwa dereva. Baba yako aliapa hatasema, na ndiyo maana ukapewa habari za mvua.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa naendesha mwenyewe, natoka kumshusha mwanafunzi. Pale kwenye kivuko karibu na shule ya msingi nikaona watoto wawili wanavuka, wamevaa sawa, wamebeba mfuko sawa. Nikakata usukani kumkwepa wa mbele. Mwanangu, wa mbele hakuwepo. Mtoto alikuwa mmoja, na mimi nikimkwepa asiyekuwepo nilikuwa nakwenda moja kwa moja kwa aliyekuwepo. Gari lilisimama mfuko wake ukigusa bampa. Hakulia, alinitazama tu. Halafu akasema, "Samahani mama." Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi!

Nililiendesha mpaka nyumbani kwa mwendo wa kinyonga, nikalifunika, nikaapa kutogusa usukani. Nilidhani nimemaliza kazi. Nilidhani kwa kutoendesha nimeshakuwa mtu mwema, hakuna haja ya kumwambia mtu. Ndipo barua zako zikaanza kunifuata. Ile ya mwisho yenye mistari michache ndiyo iliyonimaliza. Nilikuona unateremka ngazi, nikajisikia vibaya sana.

Nimekwenda kwa daktari. Nimempa yote, povu, miguu, mlango, jicho, mtoto. Hakunigombeza, alivuta kiti akakaa karibu, na hilo likaniliza. Akaagiza vipimo vya figo. Protini kwenye damu iko chini, chini kabisa. Nikamweleza habari za walimu na wanafunzi, akaandika jina la maabara yenu, akasema damu yangu ataituma ikachujwe na ipitishwe kwenye hicho kioo chako. Dozi hataigusa mpaka majibu yarudi, ila amesema yarudi upesi.

Leseni nimeipeleka mwenyewe ofisini kabla hawajaiomba. Kijana wa dirishani nilimfundisha mimi. Alipoishika alijua anachoshika, akaniita Mwalimu, akashindwa kunitazama. Nimerudi kwa miguu. Nina hasira, nina aibu, lakini usingizi umerudi.

Shangazi yako


14 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi, sikuweza kungoja kupanda. Nimelia, kisha nikawapigia baba na mama, nikawagombeza mmoja mmoja. Msalimie baba, mwambie mvua imeisha.

Sampuli ilifika Jumatatu. Ina nambari tu, haina jina, lakini hospitali ni yenu na mimi si mjinga. Nilikwenda moja kwa moja kwa profesa nikamwambia hii ni damu ya nyumbani kwetu. Akaninyang'anya koti la maabara, akaniambia nikae nje. Aliyeipima ni yule yule mwenzangu aliyekuwa amenuna. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido, na mlango una dirisha dogo la kioo, nilikuwa nauona mstari kwenye kompyuta kwa mbali. Nimeona mistari mingi ikipanda, nimeifurahia yote. Huo nilitaka usimame. Ukaendelea kupanda.

Karibu thelathini kwa mia. Njia ya kuchuja imesema hivyo hivyo. Jumla yako ukiiangalia haimshtui mtu, ndiyo maana kila daktari angekupita. Lakini iliyo huru ni mara tatu ya inayotakiwa. Hukuwa unazeeka, hukuwa unarogwa, hukuwa mzembe. Ulikuwa na dawa nyingi barabarani bila mwalimu.

Majibu yamekwenda kwa daktari wako jana. Atapunguza kidogo kidogo, na atazitibu figo. Kila akipunguza watapima tena iliyo huru. Hutaachwa uanguke. Hilo nakuahidi mimi, siyo kioo.

Mwenzangu alipotoka ndani alisimama mbele yangu akaniuliza, "Ni nani wako?" Nikamwambia ni mwalimu wangu wa gari. Akasema basi ndiyo maana huchelewi kukanyaga breki kwa wenzio.

Binti yako


5 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Wazima wote. Baba yako kaacha nyanya, sasa ni vitunguu, tuombee. Mdogo wako kaweka taa mpya sebuleni na imekubali kuwaka. Mimi viatu vyeusi vinaingia, na povu limepungua mpaka nimelisahau.

Daktari alipunguza dozi mara tatu. Kila alipopunguza, asubuhi nilikuwa nalala macho wazi nikisubiri mwili unisaliti. Nilikuwa nimeshika ubao wa kitanda. Haukunisaliti. Sijaanguka, na mlango wa stoo tumepatana. Damu yangu mnaijua nyie kuliko mimi, kwa hiyo sikupi habari za asilimia.

Wiki iliyopita nilifanya mtihani wa barabarani upya, nimekaa na mtahini mdogo kiumri kuliko gari langu. Alikuwa anatetemeka kunizidi. Nimefaulu. Leseni ninayo. Lakini hilo silo ninalotaka kukuambia.

Jana niliwaita wanafunzi wangu wote darasani, wa zamani na wapya. Nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimejipanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu, mimi nina kifafa, ninacho tangu ujana, natumia dawa, na mwaka huu dawa ilinizidi nikakaribia kumgonga mtoto. Asiyetaka kukaa na mimi kwenye gari aseme, simlaumu.

Nikaangalia viti vyao, mwanangu, nikisubiri vianze kusogea nyuma. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri jambo hilo moja.

Kisha kuna dada mmoja mwoga, hajawahi kupita gia ya pili, akanyoosha mkono. Nikajua ndiye wa kwanza kuondoka. Akasema, "Mwalimu, ukianguka nikiwa naendesha, nikanyage nini kwanza?"

Machozi yalinitoka mbele ya darasa zima, mimi Mama Breki, na sikujali. Nilipofuta macho nikamwambia, klachi na breki pamoja, taratibu, uegeshe pembeni, uzime injini. Halafu unilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni, ukae karibu nami mpaka nizinduke.

Wakaandika. Wote waliinama wakaandika, na mwalimu mkuu akaniomba nirudie ile ya ubavu, eti nimekwenda haraka. Nikarudia. Nikalala chini pale darasani, wakajifunza kunigeuza mmoja mmoja, wakicheka, na huyo dada mwoga ndiye aliyenigeuza vizuri kuwashinda wote. Nikampa ufunguo. Tukatoka barabarani, yeye kwenye usukani na mimi pembeni yake, na akaingiza gia ya tatu.

Shangazi yako